Mwaka wa Kukataa Sare: Kumbukumbu za Safari ya Tanga hadi Bagamoyo

Tanga, Jumatatu, 25 Novemba 2024

Saa sita kamili mchana kwa saa zetu, wakati Singapore ni saa kumi na moja jioni, Gukesh Dommaraju wa India alisukuma askari aliyesimama mbele ya mfalme wake, na pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji likaanza. Anayetetea taji ni Ding Liren wa China. Watacheza michezo 14. Ushindi una pointi moja na sare ina nusu pointi, na atakayetangulia kufikisha pointi 7.5 ndiye bingwa. Wakilingana watarudi siku ya ziada kucheza michezo ya muda mfupi. Mfuko wa zawadi ni dola milioni 2.5, na humo kila ushindi umetengewa dola 200,000.

Nimeazimia kuandika pambano hili siku kwa siku, kwa kuwa katikati yake kuna safari. Mpwa wangu, ambaye anasoma hapa Tanga na kukaa nyumbani kwangu Chumbageni, ananitaka nimrudishe Bagamoyo kwa mama yake kwa ajili ya likizo ya Desemba, nami nimemwahidi kwamba tutasafiri siku ya mapumziko ya wachezaji ili tusikose mchezo hata mmoja. Kijana huyu nilimfundisha sataranji mwenyewe, na sasa kunishinda kwake si jambo la kushangaza tena.

Wengi walikwisha kumtangaza Gukesh mshindi kabla ya kete kugusika. Kwa viwango vya Novemba, yaani alama rasmi za kupima ubora wa wachezaji, yeye ana 2783 na Ding ana 2728, na zaidi ya hapo Ding hakuwa ameshinda mchezo wowote wa muda mrefu tangu Januari. Leo, akiwa na kete nyeusi, alifungua kwa mpangilio uitwao Ulinzi wa Kifaransa, akastahimili mashambulizi ya kijana, kisha akayageuza na kushinda katika hatua ya 42. Nilifurahi kwa ajili yake. Bingwa wa dunia hastahili kuingia ukumbini akiwa amekwisha kuzikwa na magazeti.

Tanga, Jumanne, 26 Novemba

Sare ya hatua 23. Ding alitaka siku tulivu akaipata.

Tanga, Jumatano, 27 Novemba

Ilikuwa siku ya mapumziko nchini kwa sababu ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Tulipiga kura asubuhi, na saa sita ilipofika tulikuwa tumekwisha kuketi barazani.

Gukesh alisawazisha, na namna alivyosawazisha inahitaji maelezo. Kila mchezaji ana saa mbili za kukamilisha hatua 40 za kwanza, bila kuongezewa hata sekunde moja. Ni baada ya hatua ya 40 ndipo anapopewa dakika 30 zaidi, na tangu hapo kila hatua inamwongezea sekunde 30. Utaratibu huu ni mkali, kwa kuwa mashindano mengi ya siku hizi huongeza sekunde tangu hatua ya kwanza. Ding alitumia dakika zake nyingi mapema, askofu wake akazingirwa, na katika hatua ya 37, akiwa katika hali isiyookoka, saa yake ikaisha. Sasa kila mmoja ana pointi 1.5.

Tanga, Alhamisi, 28 Novemba

Leo wachezaji wamepumzika, nami nina nafasi ya kuandika jinsi wawili hawa walivyofika Singapore.

Mwaka wa sataranji ya juu huanzia Wijk aan Zee, kijiji kidogo cha pwani ya Uholanzi kando ya Bahari ya Kaskazini, ambako kila Januari wageni wa mashindano hunyweshwa supu ya njegere. Mashindano hayo yanafadhiliwa na kiwanda cha chuma, na mizizi yake ni ya mwaka 1938. Mwaka huu raundi zilikuwa 13, na mwisho wake wachezaji wanne walikuwa wamefungana kwa pointi 8.5: Wei Yi wa China, Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan, Anish Giri wa Uholanzi na Gukesh. Katika michezo ya kasi ya kutafuta mshindi, Gukesh alimtoa Giri, kisha akashindwa na Wei Yi. Alikuwa na umri wa miaka 17, na nakumbuka nilivyomtazama usoni siku ile nikidhani kwamba mwaka wake umeharibika ungali mchanga.

Ding naye alikuwa hapo hapo Wijk aan Zee, akapata pointi 6 kati ya 13. Tangu alipotwaa taji mwaka 2023 kule Astana kwa kumshinda Ian Nepomniachtchi wa Urusi, baada ya Magnus Carlsen wa Norway kuamua kutotetea ubingwa aliokuwa nao tangu mwaka 2013, Ding amesumbuliwa na huzuni nzito na kukosa usingizi, na amelisema hilo waziwazi. Mwezi wa Mei na Juni alikwenda Stavanger, Norway, akamaliza wa mwisho kati ya wachezaji sita, huku Carlsen akishinda nyumbani kwao. Septemba alicheza Olimpiadi ya Sataranji, mashindano ya timu za mataifa, bila kushinda mchezo hata mmoja. Kwa hiyo ushindi wake wa Jumatatu ulikuwa mzito kuliko pointi moja iliyoandikwa ubaoni, na ninaandika haya ili msomaji asije akamdharau kwa yale yatakayotokea.

Tanga, Jumamosi, 30 Novemba

Jana sare na leo sare. Leo Gukesh alikosea katikati ya mchezo na Ding hakuiona nafasi aliyofunguliwa. Wanalingana kwa pointi 2.5.

Tanga, Jumapili, 1 Desemba

Sare nyingine, ila hii inanifanya niandike kwa kirefu.

Ilipofika hatua ya 26, Ding, mwenye kete nyeupe, alikuwa na nafasi bora kidogo, na malkia wao walikuwa wakirudi pale pale walipotoka. Kanuni inasema kwamba hali ile ile ikitokea mara tatu, mchezaji anaweza kudai sare. Kila mtazamaji aliamini kwamba watarudia, watapeana mikono na kwenda kula. Kompyuta ilionyesha kwamba anayepaswa kuifurahia sare hiyo ni Gukesh, kwa kuwa yeye ndiye aliyebanwa. Badala yake alimpeleka malkia wake ukingoni mwa ubao, mbali na njia ya marudio, akaendelea kucheza.

“Mjomba, huyu ana wazimu?” mpwa wangu aliuliza. Nilimjibu kwamba huyu anaamini bado kuna la kuulizwa katika ubao ule. Mchezo uliendelea hadi hatua ya 46, ukaisha kwa sare ile ile ambayo angeipata mapema. Jioni jirani yangu, mpenzi mkubwa wa mpira, aliniambia kwamba basi kijana amepoteza muda wake bure. Sikubaliani naye. Ding alilazimika kufikiri kwa muda mrefu zaidi katika siku ambayo angeweza kupumzika mapema, na michezo minane ingali mbele yao.

Tanga, Jumatatu, 2 Desemba

Mapumziko. Tabia hii ya Gukesh niliiona tangu Toronto, na huko ndiko ninakotaka kurudi leo.

Mashindano ya Wagombea huwakusanya wachezaji wanane, kila mmoja akikutana na kila mwenzake mara mbili, na mshindi pekee ndiye anayepata haki ya kumkabili bingwa wa dunia. Wa pili hapati kitu katika njia hiyo. Mwaka huu yalifanyika Toronto, Kanada, yakaanza tarehe 4 Aprili, na kwa tofauti ya saa kila raundi ilianza saa tatu na nusu usiku kwetu. Tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tukitoka tarawehe, tunaweka birika la kahawa na kashata, na mchezo unakwenda nasi hadi wakati wa daku. Tanga usiku wa Ramadhani hailali, na mwaka huu barazani kwetu Wamarekani Fabiano Caruana na Hikaru Nakamura walitajwa na watu ambao hawajawahi kushika farasi wa sataranji.

Idi ilikuwa tarehe 10. Kesho yake, Idi pili, Gukesh alicheza na Alireza Firouzja wa Ufaransa katika raundi ya saba. Alikuwa na mchezo mzuri, ila muda ulimwishia mkononi, akakosea, akafungwa. Picha yake akiwa ameuma meno mbele ya ubao ilisambaa kote. Kesho yake ilikuwa mapumziko. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba ikiwa kuna wakati aliohisi mashindano haya huenda yakawa yake, ni baada ya kushindwa huko, kwa maana aliamka akiwa mtulivu na mwenye nguvu. Nilipoyasoma maneno hayo niliwasomea wanafunzi wangu wa hisabati.

Katika raundi ya 13 alikutana tena na Firouzja, akamshinda, akaongoza peke yake kwa pointi 8.5. Nyuma yake, wakiwa na pointi 8 kila mmoja, walikuwa Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi. Raundi ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 21 Aprili. Gukesh alitoka sare na Nakamura akafikisha pointi 9, kisha ikabidi asubiri, kwa sababu Caruana alikuwa akicheza na Nepomniachtchi, na ambaye angeshinda kati yao angelingana naye. Caruana alikuwa na nafasi ya kushinda zaidi ya mara moja. Mchezo wao ulikwenda hatua 109. Alfajiri ilikuwa imekaribia nilipoona mchezo umekwisha kwa sare, wachezaji wakiwa wameinamisha vichwa, na kijana wa Chennai amekuwa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya mashindano hayo. Upande wa wanawake alishinda Tan Zhongyi wa China, naye pia kwa pointi 9 kati ya 14.

Hapa niseme jambo ambalo halihusiani na taji lakini ni la siku zile zile. Wakati Toronto inaelekea ukingoni, Mnigeria Tunde Onakoya, anayefundisha sataranji watoto wa mitaa maskini ya Lagos, alikaa katika uwanja wa Times Square jijini New York akacheza saa 60 mfululizo ili kuchangisha fedha za elimu ya watoto. Kwangu mimi yeye ni sehemu ya mwaka huu sawa na wale wanane.

Tanga, Jumanne, 3 Desemba

Mchezo wa saba ulichukua saa tano na zaidi, hatua 72. Gukesh alianza vizuri kuliko siku zote, akamweka Ding mahali pa kushindwa, kisha ushindi ukamponyoka. Ding anapokaribia kuanguka hucheza kwa utulivu wa ajabu. Tulipoinua vichwa vyetu jua lilikuwa limekwisha kushuka upande wa Ngamiani.

Tanga, Alhamisi, 5 Desemba

Jana hatua zilianza kujirudia tena, na Gukesh, ambaye hali yake ilikuwa mbaya kuliko alivyoipima, alikataa tena. Katika mchezo huo Ding aliwahi kupata nafasi ya kushinda, asiitumie. Wakaishia sare. Leo mchezo wa tisa nao sare, hatua 54. Pointi 4.5 kwa 4.5.

Mpwa wangu ameshafunga mizigo. Ameufunga ubao wetu wa mbao kwa kanga ya shangazi yake na kusema atakwenda nao mapajani, kwa kuwa mizigo ya chini ya basi haina mwenyewe.

Njiani, Ijumaa, 6 Desemba

Tuliondoka stendi ya Kange alfajiri kwa basi la Dar es Salaam. Muheza wauza machungwa walijaa madirishani kama kawaida yao. Baada ya hapo mkonge ulitusindikiza kwa mwendo mrefu pande zote mbili za barabara, kisha Segera, kisha Kabuku na Mkata. Mpwa wangu alilala. Mimi nilikuwa na Budapest kichwani.

Olimpiadi ya 45 ya Sataranji ilifanyika huko kuanzia tarehe 10 hadi 23 Septemba, raundi 11, kila timu ikiingia na wachezaji wanne ubaoni. India ilishinda michuano kumi na kutoka sare mmoja tu, dhidi ya Uzbekistan waliokuwa wanatetea, ikapata pointi 21 kati ya 22 na dhahabu yake ya kwanza. Marekani walikuwa wa pili na Uzbekistan wa tatu. Gukesh katika ubao wa kwanza alipata pointi 9 katika michezo 10. Arjun Erigaisi katika ubao wa tatu alipata 10 katika 11, na mwezi huu wa Desemba jina lake limetokea katika orodha rasmi likiwa na kiwango cha 2801, Mhindi wa pili kuvuka 2800 baada ya Viswanathan Anand. Wanawake wa India walichukua dhahabu pia, mbele ya Kazakhstan na Marekani.

Katika raundi ya saba India ilikutana na China, na wote tulitarajia kuwaona Gukesh na Ding uso kwa uso miezi miwili kabla ya Singapore. China ilimpumzisha Ding. Gukesh alipangiwa Wei Yi, yule yule aliyemzuia Wijk aan Zee. Michezo mitatu mingine iliisha sare, na wao wawili wakabaki na kete chache katika hatua ya mwisho ya mchezo ambayo mchezaji wa kawaida angeuona mkavu. Gukesh aliukamua hadi hatua ya 80, akashinda, na India ikapata ushindi wa 2.5 kwa 1.5. Ukumbuke kwamba mwaka 2022, Olimpiadi ilipofanyika kwao Chennai, alishinda michezo minane ya kwanza mfululizo, kisha akapoteza mchezo aliokuwa akiuongoza mbele ya Abdusattorov, na dhahabu ikaenda kwa wengine. Anayewahi kuumia kwa kiasi hicho akiwa na umri wa miaka 16 ana mengi ya kujifunza au ya kukimbia, na yeye alichagua kujifunza.

Tulivuka daraja jipya la Wami, tukashuka Msata, tukapata Coaster ya Bagamoyo iliyojaa. Dada yangu alitupokea kwa samaki wa kupaka, na swali lake la kwanza kwa mwanawe lilikuwa kama amekua au ni viatu.

Bagamoyo, Jumamosi, 7 Desemba

Mchezo wa kumi, sare ya hatua 36, isiyo na la kusimulia. Pointi 5 kwa 5.

Tumepata mahali pa kukaa, baraza la mzee mmoja mcheza bao katika Mji Mkongwe, si mbali na soko la samaki. Skrini ya simu ni ndogo kwa macho ya wazee, basi mpwa wangu anaweka kete zetu kwenye ubao wa mbao na kuzihamisha kila wanapohamisha wa Singapore. Alimwamkia mwenyeji wetu, “Shikamoo babu,” naye akaitikia, “Marahaba mjukuu wangu, haya tuonyesheni hao wanaocheza siku nzima bila kusema.”

Bagamoyo, Jumapili, 8 Desemba

Pambano limefunguka. Ding alijilinda kwa muda mrefu katika nafasi ngumu, saa ikimbana, na katika hatua ya 28 akampeleka malkia wake mahali pasipofaa. Gukesh alijibu kwa pigo moja, kete nzima ikaanguka, na Ding akakiri kushindwa hapo hapo. Gukesh 6, Ding 5, imebaki michezo mitatu. Mzee aliuliza kama sasa kijana atacheza kwa kujificha ili alinde pointi yake. Nilisema hapana, kwa uhakika ambao sikuwa na haki nao.

Bagamoyo, Jumatatu, 9 Desemba

Siku ya Uhuru, bendera zimepandishwa na watoto wamejaa ufukweni. Ding alicheza mchezo mzuri kuliko yote ya pambano hili. Hakukuwa na mlipuko wowote. Kila kete yake ilisogea mahali pake bora, moja baada ya nyingine, hadi kete nyeusi zikakosa pa kwenda, na katika hatua ya 39 Gukesh akasalimu amri. Mtu ambaye jana alianguka kwa kosa la wazi, leo anacheza hivi. Ningetamani kila anayesema kwamba Ding ni bingwa dhaifu auchunguze mchezo huu wa 12 polepole, hatua kwa hatua, bila kompyuta. Ni 6 kwa 6.

Bagamoyo, Jumanne, 10 Desemba

Mapumziko. Tulikwenda Kaole kuona magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kisha mpwa wangu akanichezesha michezo miwili chini ya mti, akashinda wa kwanza. Alitaka kujua kwa nini hakuna Mwafrika katika orodha ya wale wanane wa Toronto. Nilimweleza habari za Bassem Amin wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuvuka kiwango cha 2700, na Amon Simutowe wa Zambia, aliyepata cheo cha grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, bila shule kubwa ya sataranji nyuma yake. Nilimwambia pia kwamba India yenyewe ilimpata grandmasta wake wa kwanza, Anand, mwaka 1988 tu. Alifanya hesabu kimya kimya, na sikumkatiza.

Bagamoyo, Jumatano, 11 Desemba

Mchezo wa 13, Gukesh akiwa na kete nyeupe kwa mara ya mwisho. Alibana, akapata nafasi, na Ding akaipata hatua moja pekee ya kujiokoa. Sare baada ya saa nyingi. Pointi 6.5 kwa 6.5. Kesho ni mchezo wa mwisho, na Ding ana kete nyeupe. Sare itawapeleka kwenye michezo ya muda mfupi Ijumaa, ambako wengi wanaamini Ding ana uzoefu zaidi.

Bagamoyo, Alhamisi, 12 Desemba

Baraza lilijaa. Walikuwepo wavuvi waliokwisha kuuza, vijana wawili wanaosomea ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na dada yangu aliyekuja kwa kisingizio cha kuleta chai.

Ding alianza vizuri, lakini hakutaka kuhatarisha chochote. Alibadilisha kete, akabadilisha tena, akatoa askari mmoja ili abaki na mwisho ambao vitabu vyote vinauita sare: ngome na askofu kwa ngome na askofu, askari wote wakiwa upande mmoja wa ubao, Gukesh akiwa na mmoja wa ziada. Kuanzia hapo kijana hakuwa na tishio lolote la wazi. Alichokuwa nacho ni muda, na nia ya kumfanya mwenzake atafute hatua sahihi tena, na tena, na tena. Mzee aliniuliza, “Mwalimu, kwani hawa hawagawani wakaenda kulala?” Nikamwambia mmoja wao angependa sana.

Askofu wa Ding alikuwa amejificha pembeni kabisa, katika kona ya ubao. Ilipofika hatua ya 55, huku saa yake ikiwa imebakiza dakika chache, Ding aliisogeza ngome hadi mraba wa f2 akitaka ngome zibadilishwe. Mpwa wangu aliihamisha ngome yetu ya mbao, akabaki ameishika. “Mjomba, askofu atakwenda wapi?” Hakuwa na pa kwenda. Ngome zikiondoka, askofu mweusi angesimama mraba wa d5, mwenzake pale konani angelazimika kubadilishwa, na wafalme wangebaki na askari tu, mweusi akiwa na wa ziada na mfalme wake akiwa mbele. Huo si mwisho wa sare.

Kamera ilikuwa usoni mwa Gukesh. Tuliona alivyoshtuka, akaegemea nyuma, akanywa maji, akakagua tena na tena kama kweli anaona anachokiona. Kisha akachukua ngome. Hatua tatu baadaye Ding alisalimu amri. Ilikuwa imepita alasiri. Gukesh alifunika uso akalia, na kabla ya kuinuka alizirudisha kete zote mahali pake, moja moja, machozi yakimtoka. Ana miaka 18. Garry Kasparov, aliyekuwa mdogo kuliko wote kabla yake, alikuwa na miaka 22 alipotwaa taji mwaka 1985.

Jioni hii tayari kuna wanaosema kwamba pambano limeamuliwa kwa kosa la kitoto, na bingwa wa zamani Vladimir Kramnik hakuficha kutoridhika kwake na kiwango cha mchezo. Nawasikia, na ninapingana nao. Kosa lile halikutoka hewani. Lilikuja kutokana na uchovu uliokuwa ukijengwa tangu tarehe 1 Desemba, siku ambayo Gukesh aliikataa sare aliyokuwa anaihitaji. Wachezaji wengi wakubwa wangekubali nusu pointi ya leo kwa hatua 40 na kujiandaa kwa Ijumaa. Yeye aliendelea kucheza nafasi ambayo kila mtu alikwisha kuifunga, kwa sababu sheria ilikuwa bado inamruhusu. Nilimwonea Ding huruma kubwa, hasa alipokaa mbele ya waandishi akakubali matokeo bila kutafuta kisingizio, na kusema kwamba haya ni matokeo ya haki baada ya bahati aliyoipata siku za nyuma.

Tanga, Jumapili, 29 Desemba

Nilirudi peke yangu, ubao nikauacha Bagamoyo. Kwenye baraza la yule mzee sasa unachezwa kila jioni baada ya bao.

Mwaka unamalizikia New York, katika ubingwa wa dunia wa michezo ya haraka na ya blitzi, yaani ile ya dakika chache tu. Volodar Murzin wa Urusi, mwenye miaka 18, ameshinda michezo ya haraka, na Humpy Koneru wa India ameshinda upande wa wanawake. Habari kubwa, hata hivyo, ni suruali ya jinsi. Carlsen alikwenda ukumbini nayo kinyume cha kanuni za mavazi, akatozwa faini ya dola 200, akakataa kwenda kubadilisha siku ile, akaachwa nje ya raundi iliyofuata, naye akajitoa. Sasa kanuni imelegezwa na atacheza blitzi. Sikuona sababu ya upande wowote kufika huko.

Tanga, Jumatano, 1 Januari 2025

Fainali ya blitzi ilichezwa usiku wa kuamkia leo kwa saa zetu, Carlsen dhidi ya Nepomniachtchi. Carlsen alishinda miwili ya kwanza, Nepomniachtchi akashinda miwili iliyofuata, kisha ikafuata michezo ya kuamua, ambapo wa kwanza kushinda angekuwa bingwa. Sare, sare, sare. Hapo Carlsen akapendekeza wagawane taji, mwenzake akakubali, na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, likaridhia. Kwa mara ya kwanza ubingwa huo una wenyewe wawili.

Wote wawili walikuwa wamechoka na usiku ulikuwa umekwenda, hilo ninalijua. Bado nadhani shirikisho lilipaswa kukataa. Kanuni ilisema wacheze hadi mmoja ashinde, na hakuna aliyekuwa ameshinda. Mpwa wangu alinipigia simu asubuhi hii kutoka Bagamoyo, na hata salamu za mwaka mpya hakuzimaliza. “Mjomba, wameacha mchezo katikati.” Nikamwambia aupange ubao, tucheze kwa simu, na kete nyeupe ni zake.